Bomba Nililolikunja Mwenyewe

Jumanne, 8 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri. Sawa. Tukuyu bila mvua ni mji wa watu wengine.

Amoni kapiga simu kutoka Dodoma. Pasaka wanakuja! Yeye, mke wake Prisca, na mtoto. Mtoto huyo kapewa jina langu, Tupokigwe, na mimi mwenye jina sijamshika hata kidole. Nikaanza kuimba hapo hapo jikoni.

Kisha mwanangu akaharibu. Akasema watashinda kwangu, lakini kulala watalala kwa Mama Saad. Prisca kashaongea naye, chumba kipo tayari. Nikamuuliza kwa Mama Saad kuna nini. Akasema, mama, tatizo ni choo, unajua Prisca na baba... Nikamkatia simu. Nimeelewa. Mtu akishataja choo, amemaliza.

Mama Saad ni Mwanabibi, jirani yangu hapa Ibighi. Anauza vitenge. Ukoo wake ulitoka Kilwa, na hatakuacha ulisahau. Tangu Idi ana choo cha maji ndani ya nyumba. Tangu Idi anasalimia kwa kidevu.

Mimi nina choo cha shimo nyuma ya migomba. Kakichimba Mzee Jairo, mume wangu, enzi za nguvu zake. Kirefu. Imara. Harufu ipo, ndiyo. Choo kisicho na harufu ni stoo.

Krismasi Prisca, mimba bado tumboni, alikuwa anajibanza kwenye migomba na kanga kichwani, mvua inamnyeshea, anasubiri Mzee atoke. Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawaonani, hawapishani njia, hawashiriki hata kigoda. Yule ni muuguzi, ana vyeti, lakini adabu hajaiacha. Nilijivuna. Kumbe alikuwa anasikilizia harufu.

Mjukuu mwenye jina langu alale kwa Mwanabibi kwa sababu ya choo? Kyala, Mungu wangu, nichukue kwanza.


Alhamisi, 10 Aprili

Nimekwenda kukiona hicho choo. Siwezi kuomba kukiona, mimi si mtoto. Nimembebea Mama Saad mkungu wa ndizi, nikakaa, nikanywa chai yake ya mdalasini, kisha nikashika tumbo. Akanionyesha mlango.

Sasa nieleze niliyoyaona.

Ni sinki jeupe la kuchuchumaa, limelala sakafuni. Chini kwenye tundu kuna maji. Kidogo tu, kama kikombe. Yametulia. Nikainama nikanusa. Hakuna kitu. Nikanusa tena, pua ikakaribia kugusa. Hakuna! Nikamwaga kopo moja la maji. Yakazunguka, yakaguna, yakaenda zake na kila kitu. Na kisha yale maji ya kikombe yakarudi pale pale. Safi. Kimo kile kile. Nani kayarudisha? Nani kayapimia?

Nikamwaga tena. Yakarudi. Nikamwaga tena. Ndoo ikaisha.

Mama Saad akagonga akiuliza kama niko salama. Nikamjibu tumbo ni baya sana. Nilipotoka akanipa tangawizi na kunihurumia mbele ya wateja. Akasema pia kwamba kwao si jambo geni. Mababu wa Kilwa walikuwa na vyoo vya mawe ndani ya nyumba, na mahali pa kutawadhia, mamia ya miaka iliyopita. Nikaitikia. Moyoni nikasema hiyo ni hadithi ya sokoni.

Lakini maji yale! Nimelala nayo.


Ijumaa, 11 Aprili

Tumbo limezidi. Nimerudi.

Safari hii nilificha fito la mwanzi kwenye kitenge. Nilitaka kujua njia inakokwenda. Mtu huwezi kukitengeneza usichokipima. Nikalichomeka. Likaenda kidogo, likagoma. Kumbe bomba halishuki moja kwa moja, linapinda! Linashuka, linapanda, ndipo linashuka tena. Nikakaa chini palepale sakafuni kwa mshangao.

Nikataka kujua linapinda kiasi gani. Nikasukuma. Fito likalia ko.

Nusu mkononi kwangu, nusu huko. Nikamwaga maji lisukumwe. Maji yakapanda badala ya kushuka. Yakapanda na kupanda mpaka kwenye ukingo, yakanitazama.

Nikatoka, nikamshukuru Mama Saad, nikamuulizia wajukuu zake mmoja mmoja. Nikaenda zangu bila haraka.


Jumamosi, 12 Aprili

Choo cha Mama Saad kimeziba. Nimekwenda kumpa pole, ujirani mwema.

Fundi Zuber kaja kutoka Masukulu. Kafungua upande wa nyuma, akachomoa kona yote ya bomba, akaitikisa. Kikadondoka kipande cha mwanzi. Watu wakakitazama kile kipande. Kisha wakanitazama mimi. Nikasema panya wa siku hizi wamekuwa wabaya.

Mama Saad hakupandisha sauti. Akanisogelea tu.

"Mama Amoni, hilo tumbo lako linakula mianzi?"

Wakacheka mpaka Saad, mwanawe, akaegemea ukuta. Nami ningekasirika, lakini nilikuwa namtazama Zuber. Alikuwa ameinua ile kona kwenye mwanga, imepinda kama shingo ya bata anayeangalia nyuma. Nikamuomba aniruhusu niishike. Akanipa.

Akasema siri yote ni hapo. Maji yanakaa kwenye kile kibonde cha kona na kuziba njia, hewa chafu ya chini haipiti juu. Ukimwaga mengi yanavuka, ya mwisho yanabaki. Nikamuuliza mashine iko wapi. Akasema hakuna mashine. Ni kona tu. Akasema fundi saa mmoja wa Uskoti ndiye aliyepeleka mpindo huo kusajiliwa, miaka mia mbili na zaidi iliyopita. Kabla ya hapo hata kwenye nyumba za wafalme wa huko uvundo ulikuwa unapanda mpaka mezani.

Fundi saa! Mtu wa vidude vidogo vya mkononi, akaangalia bomba, akalikunja, na dunia ikapumua. Hakuongeza kitu. Alikunja tu. Mungu ni mkubwa, na yule mtu naye hakuwa mjinga.

Nikamuuliza Zuber kuhusu vyoo vya mawe vya Kilwa, nikitegemea atanicheka. Akasema ni kweli. Alipata kazi kule, akavifikia kwenye magofu, akaona mashimo yalivyochongwa vizuri. Nikamtazama Mama Saad. Aliinua kidevu tu, na mara hii nikaona kina haki yake.

Zuber akauliza kama nami nataka choo. Kwanza, akasema, nijue mko wangapi na nani anatumia... Nikamwambia watu wa nyumbani kwangu hawamhusu. Kinachomhusu ni bomba, na bomba nimeshaliona.


Jumatatu, 14 Aprili

Fundi wa nini? Mimi ni binti wa msuka vikapu wa Isongole. Mwanzi tunaukunja kwa moto tangu sijaota meno ya pili. Plastiki ni nini?

Nimenunua sinki mjini na bomba lililonyooka. Nikawasha makaa. Nikajaza mchanga ndani ya bomba ili lisibonyee, kama baba alivyokuwa akishindilia majani ndani ya mwanzi. Nikalizungusha juu ya moto taratibu. Likalegea kama ugali wa kwanza. Nikalikunja kwenye goti, nikalifunga kwa kamba za mgomba, nikalimwagia maji ya baridi.

Nilipomwaga mchanga nikatia maji. Yakakaa kwenye kibonde. Nikatikisa. Yakacheza, yakakaa.

Mzee Jairo alikuwa mlangoni na kofia yake. Akavua kofia. Miaka yote ya ndoa hajanivulia kofia.

Akasema, mama, na mimi sasa nita... Nikamwambia anyamaze, asije akanikosesha kipimo.


Jumatano, 16 Aprili

Kimesimama! Mzee kachimba karo, shimo la kupokea maji machafu, mimi nimeweka sinki. Kando ya nyumba, mahali pa heshima, karibu na mlango wa jikoni.

Bati na mlango nimetoa kwenye choo cha zamani. Vitu vizima, viozee pale kwa nini? Shimo lenyewe nikalifukia kwa mawe na udongo, nikapanda mgomba juu yake. Sitaki mtu alikumbuke. Mzee akasimama akiangalia ule mgomba muda mrefu. Akafungua mdomo. Nikamkabidhi jembe.

Nimemwaga kopo la kwanza mwenyewe. Yakaguna, yakaenda, yakarudi. Hakuna harufu. Nikaita majirani. Hata wa kanisani walikuja. Mmoja akaomba aingie na kufunga mlango asikilize tu. Wakatoka wanatembea kimya kama wametoka kwenye ibada.

Mama Saad naye kaja. Kainama, kanusa, kamwaga. Akarudi kunishika mkono. Akasema kona yangu imepinda vizuri kuliko yake. Kasema mbele ya watu! Nilitaka kumjibu kwa majivuno. Nikampa mkungu mwingine wa ndizi.

Nikampigia Amoni. Nikamwambia chumba cha Mama Saad kifungwe, choo kipo, hakuna mfano wake hapa Ibighi. Akafurahi. Akasema, kwa hiyo mama, sasa viko... Nikamwambia ataona mwenyewe, nisimwage uhondo kwenye simu.


Jumamosi, 19 Aprili

Wamefika. Mtoto ana paji langu la uso. Nilipomshika akanikazia macho kama mtu anayekumbuka. Tupokigwe mikononi mwa Tupokigwe! Mimi nisiyenyamaza nilikaa na mtoto yule mpaka chai ikapoa.

Kisha nikampeleka Prisca kwenye choo, kabla hata hajavua viatu. Mzee alikuwa amejificha nyuma ya nyumba ili asipishane naye, kama inavyopasa. Prisca akamwaga kopo. Akachuchumaa, akayatazama maji yakirudi. Akayatazama tena.

"Mama, hii kona umeikunja wewe?"

Nikamwambia mimi, kwa goti hili. Akaligusa goti langu kwa vidole. Akasema hospitali anayofanya kazi wana vyoo vya bei mbaya na vinanuka. Ndaga fijo, akasema, asante sana, ndaga fijo mama. Macho yake yalikuwa na maji. Nikajua nimeshinda. Mtoto analala hapa.

Akatoka. Akatafuta kwa macho nyuma ya migomba. Akauona ule mgomba mchanga juu ya udongo mpya. Akajifunga kanga upya, taratibu, kama mtu anayetafuta pa kuanzia.

"Sasa baba anakwenda wapi?"

Sikuelewa. Akasema kwa upole kwamba Krismasi hakuikimbia harufu, harufu anaifanyia kazi kila siku. Hakuweza kuingia pale anapoingia baba mkwe wake. Alimuomba Amoni aniambie tu kwamba vinatakiwa viwili. Hata kile cha shimo kingemtosha, chenye mlango wake.

Viwili.

Nikamwita Mzee nimuulize kwa nini hakusema. Akajibu kutoka nyuma ya ukuta, ili asionane na Prisca. Akasema alianza kusema siku ya bomba. Na siku ya mgomba. Nikamwambia mwanamume mwenye neno huwa analimaliza.

Mtoto akapiga chafya. Tukasikia Mzee anachukua mwavuli.


Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Mjukuu kalala kwangu, kifuani kwangu, kaninyia kitenge cha sikukuu. Furaha ya kweli.

Mzee Jairo kalala kwa Mama Saad. Chumba kile kile alichoandaliwa Prisca, kitanda kile kile, shuka zenye maua. Kaja kanisani ananukia mdalasini. Kasema Saad ni kijana wa maongezi mazuri. Kasema choo cha kule kipo hatua chache kutoka kitandani, mtu hahitaji hata viatu. Nikamuuliza kama kona yao ni nzuri kuliko yangu. Akatazama wimbo kwenye kitabu, na hata haukuwa wimbo wenyewe.

Baada ya ibada nikakutana na Mama Saad. Akaniambia nisiwe na wasiwasi, mume wangu hana shida, anapenda maandazi, na tumbo lake halili mianzi.


Jumatatu, 21 Aprili

Wageni wataendelea kukaa mpaka mwisho wa mwezi. Prisca kasema mwenyewe, kwa sababu ya choo! Anakiosha kila asubuhi na kuimba. Nikimsikia mle ndani maji yakiguna nasimama na sufuria mkononi. Bado yananishangaza. Maji kidogo tu, yamekaa konani, yanalinda nyumba nzima, hayalali, hayadai.

Mzee lazima arudi nyumbani. Kashaanza kuonekana mnene.

Asubuhi Amoni kakaa nami jikoni. Akasema, mama, jambo ni dogo, tuchimbe tu shimo la kawaida kule nyuma, halafu hiki tukiache kama ki... Nikamwambia nimeelewa. Huyu mtoto haamini akili ya mama yake. Shimo la kawaida, baada ya yote haya?

Nitamjengea Mzee chake. Na hicho kitakuwa na kona mbili. Kama moja inazuia harufu, mbili zitafanya nini? Hata yule fundi saa hakuwaza. Zuber kapita akataka kusema kitu kuhusu kona mbili, nikamwambia asubiri aone.

Makaa yapo. Bomba nimeshanunua. Bati na mlango sina haja ya kutafuta, nimeshavipata, vizuri kabisa. Vipo pale kwenye choo cha Prisca.