Prosesa Imekufa

Bonface Makokha aliiona laptop kabla hajamwona mwenye kuibeba. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, aina inayomfanya fundi akae wima kwenye kiti. Na Bonface, aliyekuwa amejilaza nyuma ya kaunta yake pale Al-Safa, Jeddah, Ijumaa hiyo alasiri, akakaa wima.

Aliyeibeba alikuwa Selipher, mama wa makamo anayefanya kazi za ndani katika nyumba moja ya Al-Hamra. Alieleza kwamba madam wake alimpa laptop hiyo baada ya kumnunulia kijana wake mpya. Lakini kila akizungumza na wanawe kwa video, dakika kumi haziishi: feni inanguruma, chini panachoma, kisha kioo kinazimika ghafla.

Bonface alielewa kabla mama hajamaliza. Vumbi la Jeddah lilikuwa limeziba feni, na dawa inayopakwa juu ya prosesa ili kupoza joto ilikuwa imekauka. Kazi ya nusu saa na brashi. Lakini Bonface hakuja Saudia kupiga brashi. Aliweka sikio juu ya kibodi, akafumba macho kama daktari bingwa, akatikisa kichwa kwa huzuni aliyoifanyia mazoezi miaka miwili.

"Pole, dada. Prosesa imekufa."

Selipher aliuliza kama si joto tu. Bonface akamweleza taratibu kwamba joto ni dalili, ugonjwa ni prosesa, na prosesa ya namna hiyo haipatikani hata Riyadh. Ila yeye, kwa vile ni Mkenya mwenzake, angeichukua hivyo hivyo na kumpa laptop nyingine ndogo, iliyotumika lakini hai. Mama aliomba arudi nayo nyumbani kwanza, akahamishe picha za watoto.

Bonface alimpigia Victor, mshirika wake wa Riyadh, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza kila kilichokufa Jeddah kikafufuka njiani. Siku hiyo hiyo Victor alipata mnunuzi, meneja wa ghala mwenye mwili mkubwa na hasira za karibu, akapokea malipo yote kabla laptop haijafika.

Ijumaa iliyofuata Selipher alirudi na laptop ya rangi ya fedha. Alisema hali imezidi, sasa inazimika hata ikiwa baridi. Bonface alifurahi kusikia hivyo, hata hakuiwasha. Tatizo ni kwamba mama hakuitaka tena ile ndogo. Alitaka ile nyeusi ya rafu ya juu, nzima kabisa. Bonface akasita, akamkumbuka meneja, akaishusha. Akaongeza chaja. Mama alipofika mlangoni akasimama kama anayetaka kughairi, Bonface akaongeza na begi.

Kisha akafungua mzigo wake. Ndani hapakuwa na chembe ya vumbi. Dawa juu ya prosesa ilikuwa mbichi, imepakwa vizuri kuliko anavyopaka yeye. Akaiwasha, ikazimika baada ya dakika mbili, ingali baridi. Akabadilisha memori, akabadilisha chaja, akaisafisha tena. Ikazimika. Alikuwa ameshika prosesa iliyokufa kwelikweli.

Akampigia Selipher, na sauti ya mama ilikuwa tulivu. Laptop yake ilikuwa na vumbi tu. Alishaisafisha na inafanya kazi. Hiyo aliyoileta ni ya dada wa yule kijana, walinunuliwa zinazofanana kwa pamoja, na madam alikuwa anataka kuitupa; aliisafisha nayo, ikakataa.

"Dada, umenidanganya," Bonface akasema.

"Ulisema unataka iliyokufa prosesa, kaka. Nimekuletea. Na ile nyeusi ni ya Damaris wa Al-Rawdah, uliyemwambia maneno hayo hayo mwaka jana. Yuko hapa, anaifuta machozi na vumbi lako."

Bonface aliuliza kwa unyonge alijifunzia wapi mambo ya kompyuta. Selipher akajibu kwamba aliyafundisha sekondari, Kitale, miaka tisa, kabla mshahara haujamshinda na kumleta huku kupiga deki. Akakata simu.

Haikupita saa, Victor akapiga kutoka Riyadh. Meneja wa ghala alikuwa amesimama mbele yake, anataka laptop.

Bonface akaisogeza laptop pembeni. "Victor, ndugu yangu. Prosesa imekufa."

Upande wa pili Victor akacheka kicheko kisicho na furaha hata kidogo.

"Hayo waambie wateja, Bonface. Mimi niambie umeificha wapi."