Ombi la Kuondolewa kwa Bwana DC Nyumbani Kwangu, Okolona, Marekani

Mheshimiwa Mwalimu wa Historia,

Salamu, na pole kwa kazi ya kufundisha. Ulimpa binti yangu Joselyne, mwenye miaka kumi na miwili, kitabu cha maisha ya Bwana Harcombe, Mwingereza aliyekuwa DC, yaani mkuu wa wilaya, kule Kasulu enzi za ukoloni, ukamwagiza aishi kama yeye kwa wiki mbili kisha aandike insha. Ameishi kweli. Sasa naomba unirudishie nyumba yangu, kwa sababu hizi:

1. Siku ya kwanza aliingia sebuleni amevaa kaptula na soksi ndefu, akaita majina. Mimi na mume wangu Minani tulikulia kambi ya wakimbizi, huko huko Kasulu. Mtu mwenye karatasi akiita majina, miguu yetu inakwenda yenyewe. Tulipanga foleni, na Minani akaja na kadi za bima za familia nzima.

2. Kila asubuhi anakagua vyumba na kuandika ripoti. Kunihusu ameandika kwamba wenyeji ni wakarimu, ila wanapiga kelele wakipika.

3. Hasikii tena Kiswahili, lugha aliyoinyonya kwangu. Minani amejiteua mkalimani. Nasema sentensi sita, anatafsiri moja, tena ile inayompendeza yeye.

4. Dada yangu Fides alipiga simu kutoka Westerville, pembeni mwa jiji la Columbus, kunisalimu tu. Alipokata, alikuwa ameshateuliwa liwali wa Columbus yote, na amekubali.

5. Hili ndilo linaloniuma. Minani anataka tuhamie Buffalo, mtaa wa Black Rock, ambako kaka yake Reginaldi amenunua nyumba. Mimi sitaki. Badala ya kuongea na mkewe, amepeleka shauri kwa DC, na hukumu ni Jumamosi. Mwalimu, nitahamishwa na mtoto ninayemsuka nywele mwenyewe!

Nasikia kitabuni Bwana Harcombe alianza karani, akapanda hadi DC, akastaafu, akarudi kwao kutunza maua ya waridi. Kwa heshima zote, naomba binti yangu arushwe hadi kwenye waridi kabla ya Ijumaa. Miche nitatafuta mimi.

Wasalimie walimu wote, wapishi wa shule, na dereva wa basi anayempigia DC saluti.

Mimi mtawaliwa wako,
Florida, mama Joselyne

N.B. Usimwondoe. Nikiwa nafunga bahasha, Bwana DC amemtoa mkalimani nje, amekaa mezani na kalamu, ameniuliza kwa Kiswahili: "Mama, wewe unataka kuishi wapi?" Watu wengi wenye kalamu wameshanipangia pa kuishi, na huyu ndiye wa kwanza kuniuliza. Nimeanza kujibu, na bado anaandika.