Salamu Zako Zimeniharibia Upweke Wangu

Ibra, Oman
12 Novemba 1984

Kwa Shangazi yangu mheshimiwa, Bi Ghaniya binti Nadhir, Chake Chake, Pemba.

Shikamoo. Marahaba yako naisubiri kwa posta. Huku hatujambo sote, alhamdulillahi, ila mimi nimeudhika, na aliyeniudhi ni wewe.

Umeshasikia kuwa mwanao nimetoa albamu ya muziki wa kantri, ule wa Wamarekani wenye kofia pana na huzuni nyingi. Inaitwa "Mpweke wa Bidiya", kule jangwani. Tuliirekodi katika ghala ya tende ya baba mkwe, maana magunia yanameza mwangwi, na mtayarishaji ni binamu yangu Hashil, mwenye duka la kaseti mjini Sur. Kaseti tupu zilituishia, basi nyimbo zikaingia juu ya ile kaseti ya salamu uliyotuletea Ramadhani. Balaa likaanzia hapo, maana kila palipobaki nafasi kati ya wimbo na wimbo, sauti yako haikufutika. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wimbo tuliouchagua utangulie sokoni ni "Sina Mtu Duniani". Naimba dakika nne nzima kwamba sina mama, sina ndugu, hata ngamia kanikimbia. Gitaa linanyamaza, msikilizaji anatafuta leso, mara sauti yako: "Marhun, mwanangu, unakula?" Ebo, Shangazi! Mtu mpweke haulizwi kama anakula.

2. Hukutosheka. Ukanipa salamu za watu thelathini na mmoja, kwa majina, pamoja na Bi Turkiya wa mlango wa pili na paka wake. Nani tena ataniamini?

3. Hashil alitoa nakala hamsini bila kuzisikiliza, na zote zimekwisha. Nikavimba kichwa wiki nzima, nikanunua na kofia. Kumbe watu wanaipeleka mbele kaseti mpaka wafike kwako! Wazee wanalia pale dukani, wanasema hawajasikia Kiswahili kama hicho tangu watoke Unguja. Mmoja kairudisha yake, analalamika kuwa kuna mtu anaimba katikati ya salamu.

4. Wimbo wa pili wa kutangulia ulikuwa uwe "Pikapu Yangu Imelala Mchangani". Hashil kautoa. Anataka kutanguliza pale unapokohoa, kisha ukauliza kama mke wangu Shukriya ameshajua kupika mchuzi wa pweza. Sur nzima sasa inamuulizia huo mchuzi, na Shukriya hasemi na mimi tangu Ijumaa. Huzuni ya kweli ndiyo kwanza nimeipata, na albamu imeshatoka.

Kwa hiyo naomba, kwa adabu zote, uniletee kaseti nyingine unikane. Sema wazi kuwa hunijui, hunisalimii, na nikila nisile hayakuhusu. Wale thelathini na mmoja nao warudishe salamu zao, mmoja mmoja, paka awe wa mwisho. Ukiweza uniapize kidogo, si sana, nina watoto.

Nisalimie Bi Turkiya na kila uliyemtaja. Majina yao nimeshayahifadhi.

Ni mimi mwanao mpweke, mwenye mke, watoto watano na mama mkwe,
Marhun bin Thabit

Baada ya sahihi: Hashil hana kosa. Kaseti niliitia mashineni mwenyewe, kwa pupa ya kuimba. Ilipofika Ramadhani nilisikiliza mwanzo tu, nikasema mengine nitayasikia kesho. Mwisho wa zile salamu unasema, "Sasa Marhun, kaa kitako. Nina neno moja nataka ulisikie kwangu mimi, usije ukalisikia kwa watu." Hapo linaingia gitaa langu. Nimeirudisha nyuma ile kaseti mpaka utepe umekatika. Shangazi, ulitaka kuniambia nini? Na kile kikohozi, kimepoa? Wallahi usinikane. Lirudie neno lako, hata kama ni la kunigombeza. Safari hii siimbi.