Kisahani Kilichokaa Bure

Jumatatu, 3 Machi
Ajira ya kudumu hapa maabara ni moja. Tunaoitaka ni wawili: mimi na fundi mwenzangu Miwani, anayefuta meza utadhani anaidai. Mkuu wa maabara ataamua wiki ijayo. Nyumbani nimeshasema nimeipata. Mke wangu keshampigia mama yake!

Jumanne, 4 Machi
Tumepewa seli saidizi changa za panya, zile zinazoelekeza kinga ya mwili. Bado hazina fani. Dawa ya kwanza huzifanya ziwinde vijidudu vilivyojificha ndani ya seli nyingine. Ya pili, zipambane na minyoo, ila zikizidisha bidii huchochea pumu. Ya tatu, zitulize ghasia za kinga yenyewe. Visahani vitatu, dawa moja moja. Cha nne hakitiwi kitu. Mkuu kasema ni cha kulinganishia. Miwani akaitikia ndiyo Mkuu mara mbili. Kujipendekeza huko!

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Kisahani kizima kimekaa bure. Miwani alipokwenda kunywa chai, nikakitia dawa zote tatu. Seli zenye fani zote! Huenda hata zikamsaidia mke wangu na pumu yake. Alikohoa sana jana, nikaumia moyo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimechungulia kabati la joto. Seli zimetulia. Nadhani zinajifunza. Mama mkwe kapiga simu kunipongeza. Nimepokea kwa unyenyekevu.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa! Mkuu kapima. Dawa ya kwanza na ya pili hufungiana njia, kumbe. Seli zangu hazijawa wawindaji wala wapambanaji. Na bila kisahani kitupu, vile vitatu havina cha kulinganishwa nacho. Kazi ya wiki nzima imekwenda na maji. Nilitaja hitilafu ya umeme. Mkuu akauliza kwa upole umeme ulijifunza lini kushika bomba la dawa. Niliona aibu. Ajira kapewa Miwani. Mke wangu kasema mama yake nimwambie mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi
Mkuu ana huruma. Kaniongezea miezi sita ya kibarua. Kanipa fomu nichague sehemu moja tu: seli, chumba cha panya au stoo. Akarudia: moja. Nimewaza mchana kutwa, safari hii bila pupa.

Nimetia alama zote tatu. Lazima atanishangaa.