Nimeachwa Khartoum

Sokomuhogo, Unguja
12 Agosti 1967

Kwa Ndugu Msimamizi wa Darasa la Jioni la Watu Wazima,

Pokea salamu zangu pamoja na heshima zote. Mimi ni mzima, isipokuwa nimekwama Khartoum, na hiyo ndiyo sababu ya barua hii.

Ndugu, ulipokuja kutupa pole ya marehemu mume wangu Bakar, ulimwambia mdogo wangu Ame kwamba mjane asikae na mawazo, achague jambo jipya la kujifunza. Kwa kuwa nimo katika eda na sitoki, ukasema dirisha langu la juu linatazamana na la darasa lenu, basi nisikilize somo nitakalolipenda. Nikachagua jiografia. Tangu hapo kila Jumatatu na Alhamisi baada ya alasiri mimi ni mwanafunzi wako, juu ya kigoda, nyuma ya dirisha lililorudishwa nusu. Sasa nina malalamiko haya:

1. Mwalimu Kificho alitutia katika mto Nile pale unapotoka ziwani, akatuchukua taratibu mpaka Khartoum. Akasema hapa mito miwili inakutana, mmoja mweupe na mwengine wa buluu, na wiki ijayo tutaufuata hadi baharini. Wiki iliyofuata akafundisha ufugaji wa kuku.

2. Badiliko hilo lilipigiwa kura. Nilisikia yote. Mwanafunzi Duni alisimama akasema, "Mwalimu, huo mto mie siulimi wala siuvui. Tufundishe kuku, nnao sita nyumbani wananshinda!" Darasa zima likacheka, likanyoosha mikono. Na mimi nilinyoosha wangu, wa jiografia, nikauweka juu mpaka ukafa ganzi. Hakuna aliyeuhesabu.

3. Sikuweza kumjibu Duni kwa kuwa mwanamke aliye katika eda hapazi sauti ikafika njiani. Kama si hivyo, angenisikia.

4. Mjane wa eda hatakiwi kulala nje ya nyumba yake. Mwili wangu unalala Sokomuhogo, lakini fikra zangu wiki ya tatu sasa zinalala Khartoum, mji ambamo sina jamaa hata mmoja, na maharimu wangu Ame yuko Nungwi. Hukumu yake siijui, na naona haya kumwuliza shekhe. Ikiwa ni dhambi, naomba iandikwe kwa aliyeniacha huko.

5. Marehemu alikuwa, ukitajwa redioni mji wowote wa mbali, huinua kidole na kusema, "Na huko yupo mtu sasa hivi anaungua ulimi kwa chai." Kisha husogeza kikombe nimwongeze. Siku ya Khartoum niligeukia kiti chake nimwambie kwamba nimefika huko. Hili si lalamiko, lakini nilikuwa nimeshaandika namba.

6. Ame ameniahidi kwamba eda ikisha nitabaki hapa mpaka nimalize somo nililolichagua, kisha atanichukua nikakae kwake Nungwi. Nyumba hii niliingia bibi arusi, na kuiacha naona tabu, lakini Ame ni mtu wa ahadi na mimi pia. Kila akija huniuliza, "Haya Dada, umefika wapi?" Nami naona aibu kumjibu Khartoum kila siku, kama mtu asiye na bidii.

Kwa hiyo naomba mwalimu aendelee na mto, darasa lipende lisipende. Wenye kuku wawalete, wasikilize pamoja nasi. Ubao ugeuzwe unielekee, maana mwalimu akiandika huzungumza na ukuta. Dirisha langu lipewe kura mbili, moja yangu na moja ya marehemu, ambaye najua angechagua mto. Na kama darasa halina nafasi ya kunifikisha baharini, basi kwa haki linirudishe lilikonitoa: mwalimu anipandishe mto kinyumenyume hadi ziwani, anitie katika treni ya Mwanza mpaka Dar es Salaam. Kutoka hapo meli naijua mwenyewe.

Naomba jibu kabla ya Alhamisi. Alhamisi ni somo la utitiri wa kuku, na tangu lilipotangazwa ninajikuna.

Nisalimie Mwalimu Kificho, wanafunzi wote, na watu wa nyumbani kwako wakubwa kwa wadogo. Hata Duni msalimie, na kuku wake sita.

Mimi mwanafunzi wako wa dirishani,
Kazija binti Mcha

Nyongeza: Nimeisoma tena barua kabla ya kuifunga. Kumbe kutoka Khartoum hadi baharini, kwa mwendo wa Mwalimu Kificho, ni vipindi viwili tu, na baada ya hapo somo litakuwa limekwisha. Tafadhali, ndugu yangu, mto uachwe papo hapo. Khartoum nimeshaizoea. Na Ame akikuuliza, mwambie nilichagua kuku. Mwalimu amesema yai huwa kifaranga, kifaranga huwa kuku, na kuku hutaga. Somo hilo mimi sioni likimalizika.