Plastiki ya Vitabu kwenye Boneti ya Dada

Jumatatu, 3 Machi

Gari limefika! Dada mkubwa amelileta mwenyewe, akalizima mbele ya mlango na kunikabidhi ufunguo kama mtu anayenipa kikombe cha maji. Miaka kumi na mmoja amekwenda nalo kliniki kuzalisha akina mama. Sasa anastaafu ukunga, macho yamechoka, usukani hautaki tena. Gari ni langu, basi. Huyu ndiye aliyenilea na kunisomesha, na bado hajamaliza kunipa.

Ana ombi moja tu. Jumamosi nimpeleke kwenye sherehe ya kumuaga, kwa gari hilo hilo. Nimeapa litang'aa kuliko siku alipolinunua. Mke wangu alinitazama nilipoapa. Namjua anavyotazama.

Jirani yetu, mshona suti ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Mkasi, alikuja kunipongeza. Akaeleza, bila kuulizwa, kwamba gari lake limevishwa plastiki angavu ya kulinda rangi. Haionekani, lakini kokoto zikiruka barabarani hazidonoi kitu. Akachukua ufunguo wake na kuuburuta juu ya boneti nione. Hakuna mchubuko. Nilitabasamu. Roho iliniuma.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa fundi aliyelivisha gari la Bwana Mkasi. Karakana safi kama chumba cha upasuaji, milango imefungwa, sakafu imemwagiwa maji vumbi lisiruke. Mtu mpole, mikono laini. Alinieleza kila hatua: gari linaoshwa, linanyunyiziwa maji ya sabuni, plastiki inalazwa juu ya maji hayo, kisha maji yanasukumwa nje kwa kipande cha mpira, kutoka katikati kwenda pembeni. Kazi ya siku tatu. Na nafasi hana mpaka mwisho wa mwezi.

Nilimfahamisha kwamba mimi ni karani wa maktaba. Miaka kumi na minane navalisha vitabu plastiki angavu. Alisema gari si kitabu. Nimemsamehe, hajaona kazi yangu.

Jioni nilinunua roli kubwa la plastiki ya vitabu, ile yenye gundi. Mke wangu aliuliza kama fundi ameikubali. Nilijibu kwamba nimeshauriana na fundi. Ni kweli, tumeshauriana. Hakuuliza alisema nini.

Jumatano, 5 Machi

Nimechukua ruhusa kazini. Boneti nzima na milango miwili! Nilitumia rula ya maktaba, mke wangu akashika upande wa pili. Maji ya sabuni nimeyaruka, kwa sababu vitabu huwa havilowanishwi. Mke wangu alipiga chafya mara moja na plastiki ikajikunja, ikashikana yenyewe kwa yenyewe na mkono wangu wa kushoto. Tukaanza upya. Nzi mmoja amebaki chini ya plastiki, karibu na taa. Viputo vya hewa nilivihesabu mpaka sitini, nikaona kuhesabu hakusaidii, nikaanza kuvitoboa kwa pini.

Lakini mtu akisimama getini na kufumba jicho moja, gari linapendeza sana.

Bwana Mkasi alipita, akasimama, akauliza kwa adabu kama plastiki hiyo ni ya kukaa juani. Nilimwambia ni ya kisasa. Akasema, "Aa." Hiyo "Aa" nimekula nayo chakula cha jioni.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa. Nimeliegesha gari nje ya maktaba ili wenzangu walione. Jua lilikuwa kali tangu saa nne. Kufika saa nane, gundi imeyeyuka kama uji, plastiki imejikunyata kama ngozi ya mzee, na kila kilichopeperushwa na upepo kimenasa: majani, manyoya ya kuku, tiketi ya basi. Mkutubi mkuu alitoka, akazunguka gari, akarudi ndani. Nilisikia kicheko kupitia dirishani.

Nikaona nibandue haraka. Nilishika pembe moja, nikavuta kwa nguvu zote. Ikatoka! Na rangi ikatoka nayo. Kwenye boneti pamebaki doa jeusi, ukubwa wa kiganja.

Nilikaa kwenye ngazi za maktaba. Miaka kumi na mmoja dada amelitunza. Kwangu halijamaliza wiki. Na hapo hapo akapiga simu kuuliza gari linaendeleaje. Nilimwambia limelindwa kabisa. Nikazima simu, nikaona aibu kweli.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika vidole vikiwa vimevimba, na nashukuru.

Asubuhi mke wangu alikwenda kwa Bwana Mkasi bila kuniaga. Nilipomwona jirani akiingia getini nilijiandaa kuchekwa. Hakucheka. Alikuwa na pasi yake ya mvuke na fungu la vitambaa. Alikuwa amefunga duka, siku ya Ijumaa, siku ambayo wateja hufuata suti zao.

Nilinyoosha mkono kushika plastiki, akanizuia.

"Mwenzangu, hapa hatuvuti," alisema. "Hapa tunabembeleza."

Aliweka kitambaa kibichi, akapitisha mvuke juu yake, akasubiri, kisha akaanza kubandua pole pole, ukucha kwa ukucha, plastiki ikiwa imelazwa karibu kugusa gari. Mimi nilifuata nyuma nikifuta gundi kwa mafuta ya kupikia. Mke wangu alileta chai mara tatu. Tulimaliza alasiri. Hakuna doa lingine, lile moja tu, langu mwenyewe.

Bwana Mkasi aliliinamia. Akasema boneti hii iliwahi kupakwa rangi upya, na ilipakwa vibaya, ndiyo maana ikakubali kung'oka. Nilimuuliza amejuaje.

"Mimi ni mshonaji. Kiraka nakijua nikikiona."

Nilimwomba radhi kwa mawazo niliyokuwa nayo juu yake. Akauliza mawazo gani. Nikamwambia tuyaache.

Jumamosi, 8 Machi

Dada alitoka kwake amevaa sare yake nyeupe kwa mara ya mwisho. Alilifikia gari na kuliona doa kabla sijafungua mdomo. Nikamweleza yote: plastiki, jua, kuvuta, hata uongo wa kwenye simu. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono ukiwa juu ya doa.

"Mdogo wangu," alisema, "umefichua nilichokificha miaka tisa. Hapa ndipo nilipogonga geti la kliniki."

Kumbe! Kuna mama alikuwa anajifungua mapacha, wa pili amekaa vibaya, na mlinzi amelala. Dada hakusubiri geti lifunguliwe. Watoto wakapona. Yeye akapaka rangi kimya kimya, asiulizwe ofisini.

Kwenye sherehe aliposimama kushukuru, alikisimulia kisa hicho kwa mara ya kwanza. Ukumbi mzima ulitoka nje kulitazama doa. Wakunga walipiga picha nalo kwa zamu. Mganga mkuu akaliwekea mkono. Dada alicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanikumbatia mbele ya wote na kusema hajawahi kuagwa vizuri namna hii. Nililia kidogo. Mke wangu anasema si kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Nimeamka na furaha. Nina dada, nina mke, nina jirani wa dhahabu. Bwana Mkasi amesafiri leo kwenda kumwona mama yake, atarudi Jumatano, na ametuachia ufunguo wa geti tumwagilie maua yake. Nimemwagilia. Gari lake liko uani. Nilipolizunguka niliona taa za mbele zimeanza kufifia, zina ukungu wa manjano.

Mtu kama huyu hashukuriwi kwa maneno matupu. Mkutubi mkuu aliwahi kuniambia kwamba dawa ya meno na msasa laini hurudisha taa ziwe kama mpya. Msasa laini sikupata. Nimepata wa mbao.

Mke wangu yuko kanisani. Nina saa mbili.