Mzee Sulle wa Nambis Hapendi Raga

Jumapili, 3 Julai 2022

Baridi ya leo si ya mchezo. Mlima Hanang umejifunika mpaka kiunoni. Baada ya misa, Konsolata, jirani yangu na mwenyekiti wa jumuiya, amenisimamisha mbele za watu. Akauliza kama ni kweli Wolfgang wangu anacheza na maharage kama mtoto wa chekechea. Nikamwambia hachezi, anachambua. Akasema, "Haya Mama Wolfgang, kama ni kuchambua maharage, kwangu kuna magunia mawili yanamsubiri." Wanawake wakacheka. Nikacheka nao. Nyumbani nimetokwa na machozi kidogo. Ni moshi.

Niandike wazi, maana daftari halicheki. Wolfgang ni kitinda mimba wangu. Dada zake wameolewa, kaka yake yuko Babati na mambo yake. Baba yao tulimzika mwaka juzi. Kwetu kitinda mimba ndiye mwenye nyumba, ndiye anayebaki na mama. Lakini huyu wangu ameingiliwa na raga.

Raga ni ule mpira wa umbo la yai. Aliuona alipokuwa shule Arusha. Hakuucheza hata siku moja, kifua kilikuwa kinambana. Sasa kila Jumamosi anaangalia mechi za Wazungu kwenye simu, halafu anapanga timu mbili kwenye ungo wangu, moja ya maharage, moja ya mahindi, anajirekodi akieleza nani alikosea wapi. Na watu wanaangalia! Wako wenzake Iringa, wako Mwanza, wako Moshi. Wamezuka kama viwavi jeshi, na wengi wao hawajawahi hata kuushika mpira wenyewe. Mimi ungo sina tena. Napepetea sinia.

Hayo yote ningevumilia. Ila juzi nimemsikia anamwambia mtu kwenye simu kwamba huku Gitting mtandao unakatika, angekuwa mjini angefika mbali. Moyo wangu ukashuka mpaka kwenye viatu. Ataondoka. Lazima nifanye kitu.

Jumatatu, 4 Julai

Nimefanya kitu. Wolfgang alipokwenda kunywesha ng'ombe nimeichukua timu nzima ya maharage nikaitia chungu kimoja na mengine. Mchana amekula sahani mbili. Amesifu.

Jioni akatafuta timu. Nikasema labda kuku. Akaenda ghalani, akachota konzi moja kwenye gunia, akapanga nyingine. Sikuwa nimefikiria ghala! Mwaka huu tumevuna vizuri. Hata nikipika mpaka Pasaka siwezi kuwamaliza wachezaji.

Jumanne, 5 Julai

Nimekwenda Katesh kwa Sada, yule anayeuza vocha na kutengeneza simu. Nimebeba simu ya kioo kilichopasuka, Wolfgang alinipa alipopata nyingine. Nikamwambia Sada nataka kuingia mtandaoni kwa jina la kujificha. Akaniamkia vizuri kwanza, halafu akaniangalia kutoka kichwani mpaka kwenye kanga. Akauliza, "Mama yangu, umepata mchumba?" Nikamwambia aniheshimu, mimi ni mjane na niko kazini.

Mpango ni huu. Mchambuzi akitukanwa sana anakata tamaa. Akikata tamaa anarudi shambani. Nani wa kumtukana? Mimi. Lakini si mimi, ni Mzee Sulle wa Nambis. Nimechagua Nambis kwa sababu ni Mbulu huko, mbali, na ndiko nilikozaliwa, kwa hiyo nikiulizwa njia ninazijua. Sada akasema lazima picha. Kwenye simu nilikuwa na moja tu, dume la ng'ombe la Konsolata lenye pembe iliyopinda. Nililipiga picha lilipoingia kwenye kabichi zangu, kwa ajili ya ushahidi. Tukaweka hilo. Linafanana na mzee mkali.

Jumatano, 6 Julai

Nimetukana. Nilijificha nyuma ya zizi, nikaandika chini ya video yake: "Wewe kijana hujui kitu. Maharage yako yamekaa vibaya. Mpira gani huo watu wanaurusha nyuma wakati wanakwenda mbele? Acha raga urudi shambani. Na huo mlango nyuma yako funga, baridi inaingia."

Ee Mungu nisamehe. Mtoto niliyembeba mgongoni! Nimeshindwa kula.

Alhamisi, 7 Julai, Sabasaba

Amejibu. Nilitegemea matusi. Ameandika: "Shikamoo mzee."

Nimekaa juu ya ndoo nikaduwaa. Sasa nitafanyaje? Salamu haiachwi njiani. Hata adui akikuamkia unaitikia kwanza, ndipo mnagombana. Nikaandika, "Marahaba mwanangu, Mungu akutunze." Halafu nikakumbuka kazi. Nikaongeza kwamba uchambuzi wake ni takataka tupu, na kwamba naona amekonda, avae sweta.

Niliporudi ndani nimemkuta amevaa sweta. Nimesikia raha. Baadaye nikasikia hofu. Mzee Sulle anasikilizwa kuliko mimi! Mimi nimemwambia sweta tangu Mei.

Jumapili, 10 Julai

Mambo yameharibika.

Watu hawaangalii tena mechi, wanamsubiri Mzee Sulle. Mmoja wa Iringa ameandika kwamba huyu mzee anatukana na kubariki kwa pumzi moja, hajaona kitu kama hicho. Mwingine wa Nairobi ameuliza Nambis ni nchi gani. Kila nikitukana, Wolfgang ananiamkia, naitikia, wafuasi wanaongezeka. Jana nilisema skramu ile ya kuinamiana vichwa na kusukumana ni kazi ya madume, si ya watoto waliobatizwa. Wameisambaza mpaka sijui wapi.

Na leo Konsolata amekuja hapa anahema. Mwanawe Renatus amemwonyesha picha. Kwanza alijisifu kwamba dume lake sasa lina wafuasi kuliko padre. Halafu akabadilika, akasema ni wezi wa ng'ombe kutoka Mbulu, wanapiga picha mifugo kabla ya kuja. Atakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akaniuliza, Wolfgang amesimama pale pale, kama namfahamu Mzee Sulle wa Nambis. Nikasema ukoo huo una watu wengi, sijawahi kumsikia huyo. Wolfgang akaanza kukohoa vibaya sana, akashika mdomo, akakimbilia nje kwa mbuzi. Nikamwambia Konsolata unaona, kifua kimerudi, ni hii baridi.

Jumanne, 12 Julai

Siku mbaya. Naandika kwa shida.

Vijana fulani wa Arusha wenye studio wamemwita Wolfgang. Akae huko, achambue huko, kitanda kipo. Wamemwambia wazi kilichowavutia ni ugomvi wake na yule mzee. Yaani ni mimi. Nimechimba shimo, nimelipima na kimo cha mwanangu.

Wamemtaka na Mzee Sulle pia. Wolfgang ameniandikia, kule kwa Mzee, "Mzee, twende wote." Nikajibu haraka kwamba siwezi, kuku wangu anaatamia.

Kwangu mimi, mama yake, hajasema kitu. Amekula, ameshukuru, ameangalia moto. Nami nimeangalia moto. Tumeuangalia sana huo moto.

Alhamisi, 14 Julai

Leo nimeletewa ushindi mkononi.

Saa kumi nilikuwa nyuma ya zizi. Simu ikalia. Wolfgang kamwandikia Mzee Sulle pembeni, watu wasione: "Shikamoo mzee. Nakuuliza kama baba. Mama yangu yuko peke yake. Nikienda atabaki na nani? Ukisema nisiende, siendi."

Nikaandika USIENDE. Kwa herufi kubwa. Kidole kilikuwa tayari juu ya kutuma.

Ndipo nikanyanyua macho. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Wolfgang amekaa na ungo magotini, harekodi, hakuna wa kumwangalia. Anasogeza mahindi, anasogeza maharage, midomo inacheza, anacheka mwenyewe. Vile baba yake alivyokuwa akihesabu ndama jioni. Tangu tumzike sijaona kicheko hicho ndani ya nyumba hii. Nilidhani tulikizika naye.

Nikafuta. Herufi moja moja, kama mtu anayejitoa miiba. Nikaandika: "Marahaba mwanangu. Nenda. Mama yako ana majirani, ana ng'ombe, ana Mungu. Lakini umpigie simu, si kwa mwezi mara moja kama wale wengine. Chukua sweta la baba yako, lile zito."

Kisha nikaenda kukamua. Ng'ombe akanipiga teke. Anajua mtu ambaye moyo wake haupo.

Usiku amenieleza kwamba anakwenda. Nikajifanya kushangaa. Nimeshangaa vizuri sana, hata mimi nimejisikia kushangaa.

Jumatatu, 18 Julai

Tumemsindikiza Katesh stendi. Konsolata naye amekuja, sijui nani alimwalika, na mayai ya kuchemsha kwenye gazeti. Akampa Wolfgang, akamwambia asiyachambue, ayale. Nilitaka kukasirika. Macho yake yalikuwa mekundu, nikamwacha.

Wolfgang amevaa sweta la marehemu. Mikono imemzidi. Kwapani amebana ungo wangu, hakuniomba. Amesema wale wa Arusha wana vibao vya kisasa vya kupangia timu lakini hawezi kuwaza bila ungo. Basi, ungo wangu umepata nauli, mimi sina.

Kabla ya kupanda akainama kama desturi. Nilisubiri Shikamoo mama. Akanisogelea sikioni, akasema polepole, "Shikamoo, Mzee Sulle."

"Marahaba mwanangu," nikaitikia.

Mdomo uliitikia wenyewe! Nilipoelewa alikuwa ameshakaa dirishani, anakohoa kile kikohozi chake, mabega yanaruka, machozi yanashuka. Basi likaondoka sijafunga mdomo. Konsolata akaniuliza Mzee Sulle ndiye nani. Nikamwambia ni upepo, umesikia vibaya.

Kumbe alijua. Alipoandika "nakuuliza kama baba" alijua anamuuliza nani. Alikuwa ananiuliza mimi.

Nyumba ina sauti leo ambazo sikuzijua. Bati. Panya. Saa ya ukutani ya baba yake. Nimepika kwa mazoea, chakula cha watu wawili. Nimekiangalia.

Alhamisi, 21 Julai

Siku tatu nimetafuta kosa langu lilikuwa wapi. Nimelipata. Ni lile dume. Angelijua hata gizani, lile lenye pembe iliyopinda! Ningeweka picha nyingine asingegundua maisha.

Nimerudi kwa Sada. Amecheka mpaka akashika meza, lakini amenitengenezea. Sasa mimi ni Agatha wa Dongobesh. Msichana, mcha Mungu, ametulia, anapenda sana raga. Picha ni maua. Wolfgang atampenda. Akishampenda, Agatha atamwambia hawezi kuolewa na mtu anayekaa mjini, yeye anataka Gitting. Hapo mwanangu anarudi na mkwe napata. Nilichelewa kuliona hili!

Sada amenifundisha wasichana wanavyoandika. Nimeandika: "Mambo kaka. Mimi ni msichana. Umechambua vizuri. Naona madirisha ya hiyo studio yako wazi. Huko wanakupikia?"

Sikukaa sana, jibu likaja. "Poa dada Agatha. Wananipikia, leo wali na maharage. Madirisha nimefunga. Sweta ninalo. Jumamosi ijayo nakuja kupura maharage yaliyobaki, usinyanyue magunia peke yako."

Nimeisoma mara nyingi. Sweta sikumuuliza. Na msichana wa Dongobesh maharage ya kupurwa Gitting yanamhusu nini? Lakini vijana wakishafika mjini huwa wanaongea tu, yanatoka yanavyotoka. Nimeshaazima ungo kwa Konsolata kwa ajili ya hiyo Jumamosi.

Hajanigundua hata kidogo.